UKINGO WA ZIWA NI AMANA
Mazungumzo juu ya hifadhi ya ardhi oevu na viumbe vyake katika mwambao wa Kigoma na Ujiji

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya wakuu wa idara, masheha na wajumbe wa kamati za mazingira na za uvuvi za shehia. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla.)

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa wakuu wa idara, masheha wetu, wajumbe wa kamati, mabibi na mabwana,



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili, namshukuru Bwana Mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii ya kueleza niliyojifunza juu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na hasa juu ya kazi ya kamati za wananchi zinazolinda kingo za ziwa hilo, mabonde yake ya maji na viumbe waliomo.

Najua wapo watakaouliza: sisi watu wa visiwani, tuliozungukwa na bahari ya chumvi, tuna habari gani na ziwa la maji baridi lililo mwisho wa reli, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni historia. Ujiji na Unguja ni miji iliyofungwa pamoja na njia moja ya misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara waliotoka pwani wamekwisha kutangulia. Lugha hii tunayozungumza ilikwenda na misafara hiyo, na dini pia, na miembe iliyopandwa kandokando ya njia. Lakini haifai kutaja miembe tukanyamaza juu ya minyororo. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa na pembe za ndovu, na wengi waliotoka ng'ambo ya ziwa hawakurudi tena kwao. Kwa hiyo deni letu kwa watu wa mwambao ule ni la zamani, na walau tuwe na haja ya kujua hali zao.

La pili ni kwamba mambo yanayowasibu wenzetu wa Kigoma ndiyo yanayotusibu sisi, ila majina yamebadilika. Wao wana matete na mafunjo, sisi tuna mikoko. Wao wana mialo, sisi tuna madiko. Wao wana dagaa wa ziwani, sisi tuna dagaa wa baharini, na huyu wa kwetu akishakaushwa husafirishwa mpaka Kongo, nchi ile ile inayotazamana na Kigoma ng'ambo ya maji. Atakayejua walivyofanikiwa na walivyokwama atakuwa amejiepusha na makosa mengi.

UKUBWA WA ZIWA NA WEMBAMBA WA UHAI WAKE

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kiasi cha kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50. Eneo lake ni kilomita za mraba 32,900 hivi, yaani zaidi ya mara 12 ya Unguja na Pemba zikiunganishwa pamoja. Kina chake kinafika mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Mtu akisimama juu ya kilima cha Ujiji wakati wa jioni, akatazama maji yanavyokwenda mpaka yakakutana na milima ya Kongo, ni vigumu kumwambia kwamba kitu kile kinaweza kuharibika. Ndipo penye hatari. Maana ziwa ni kubwa, lakini sehemu iliyo hai ni ndogo. Chini ya mita 200 hivi maji hayana hewa ya kutosha, na samaki hawezi kuishi humo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kina kile ni maji matupu. Uhai wote umejikusanya katika tabaka jembamba la juu, na zaidi tena katika ukingo: kwenye mawe, mchanga, nyasi za majini na midomo ya mito.

Katika ukingo huo wanaishi samaki wa zaidi ya aina 200 wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wapo wanaoatamia mayai ndani ya vinywa vyao. Wapo wanaofanya nyumba katika makoa matupu ya konokono. Mmoja ni kuhe, samaki mkubwa apendwaye na walaji, ambaye dume na jike hulinda makinda yao pamoja. Ama dagaa na migebuka, ambao ndio chakula na biashara ya Kigoma, huvuliwa zaidi kwenye maji mapana. Lakini dagaa wachanga hukimbilia karibu na nchi kavu kutafuta hifadhi, na wavu wa kokoro unapoburutwa ufukweni huwazoa hao hao wachanga.

Maji yanayoingia katika ziwa hili hukaa humo, kwa makadirio ya wataalamu, zaidi ya miaka 400 kabla ya kutoka. Mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, ulio upande wa Kongo. Bahari yetu huja ikajaa na kutoka kila siku, ikachukua taka zetu ikazipeleka tusikokujua, nasi tukajidanganya kuwa zimekwisha. Ziwa halina fadhila hiyo. Atakachokitupa mtu leo pale Kibirizi watakikuta wajukuu wa wajukuu wake.

ARDHI OEVU NA KAZI YAKE

Kuna maneno yanayotajwa sana na wataalamu ambayo baadhi yetu huyasikia tukayapita: ardhi oevu. Maana yake ni mahali penye maji au unyevu wa kudumu au wa msimu: kinamasi, bonde la mpunga, mdomo wa mto, mwambao wa matete. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971, unahesabu pia maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa bamvua maji yakitoka. Kwa hiyo mikoko yetu na maeneo yetu ya kupwa ni ardhi oevu pia.

Eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya mkataba huo, mwezi wa Aprili mwaka 2000, ni Malagarasi-Muyovozi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 32,500. Maji ya vinamasi hivyo huteremka kwa Mto Malagarasi mpaka ziwani, kusini ya Ujiji. Humo wamo viboko na mamba, na nzohe, yule paa wa vinamasi mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya mafunjo. Yumo pia korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye amebaki kwa uchache duniani.

Karibu zaidi na mji upo Mto Luiche. Mdomo wake uko kusini ya Ujiji, na bonde lake hulimwa mpunga na mboga zinazolisha mji. Matete ya bonde kama hilo ni chujio. Maji ya mvua yanaposhuka kutoka milimani hubeba udongo, samadi na kila uchafu. Yakifika penye matete hupunguza mwendo, udongo ukatua, maji yakaingia ziwani yakiwa safi zaidi. Matete yakikatwa yote na kuchomwa, au bonde likilimwa mpaka kwenye mdomo wa mto, chujio limetoboka. Tope huenda moja kwa moja likafunika mawe wanayotagia samaki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 ulionesha kwamba kwenye kingo zinazopokea tope jingi, aina za samaki na viumbe vidogo vya majini ni chache kuliko kwenye kingo ambazo milima yake bado imefunikwa na miti.

Bwana Mwenyekiti, hapa pana jambo la kulizingatia. Mvuvi aliyeko Katonga hajakata mti hata mmoja. Mkulima aliyeko mlimani hajawahi kutia wavu majini. Hata hivyo jembe la huyu linapunguza kitoweo cha yule, na hawajuani. Kazi ya kuwakutanisha watu hawa wawili ndiyo hasa kazi ya kamati.

FUNZO LA MILIMA YA GOMBE

Kaskazini ya mji wa Kigoma, mwendo wa boti, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Bibi Jane Goodall, aliyefariki dunia mwezi wa Oktoba 2025, alianza kuwachunguza sokwe mahali hapo mwaka 1960. Wakati huo misitu ilikuwa imeenea nje ya mipaka ya hifadhi. Miaka thelathini baadaye aliporuka kwa ndege juu ya eneo hilo aliona msitu wa hifadhi umebaki kama kisiwa, na milima iliyouzunguka iko wazi, udongo ukiporomokea ziwani.

Mwaka 1994 ulianzishwa mradi uitwao TACARE katika vijiji vya jirani. Waliouendesha walikwenda na fikra ya vitalu vya miti. Walipokaa na wanakijiji wakawasikiliza, waliambiwa kuwa haja zao za kwanza ni afya, maji safi na skuli za watoto. Miti haikuwa juu katika orodha. Wenye mradi wakawa na hiari mbili: kuendelea na miche yao, au kushughulikia kwanza shida za wenyewe. Wakachagua la pili, na mlango wa miti ukafunguka kwa njia hiyo. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga misitu ya kijiji, vikachagua vijana wao wenyewe kuwa walinzi wa misitu hiyo.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linanigusa mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana kazini, nilitumwa mara nyingi kuandika matangazo ya kupiga marufuku ukataji wa mikoko. Niliandika kwa Kiswahili kizuri, nikataja kifungu cha sheria na adhabu yake, tangazo likabandikwa penye miti na penye maduka. Siku moja nilipita katika kijiji kimoja cha mwambao, nikamkuta mama mmoja anapikia boriti za mikoko, na tangazo langu liko ukutani juu ya jiko. Hakulificha. Sikumuuliza apikie nini badala yake, kwa sababu sikuwa na jawabu. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba katazo lisilofuatana na jawabu ni karatasi tu.

SHERIA NA KAMATI

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeagiza pawepo kamati za mazingira katika ngazi za serikali za mitaa, kuanzia halmashauri mpaka kata, kijiji na mtaa. Sheria hiyo hiyo imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari, pale zinapoweza kuuharibu. Kwa upande wa uvuvi, kuna vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, vijulikanavyo kwa herufi tatu, BMU. Kila kikundi kina mwalo wake, na wajumbe wake ni wavuvi, wenye vyombo, wachuuzi na watengenezaji wa mitumbwi.

Juu ya hizo, kuna mapatano baina ya nchi. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote nne, na mwaka 2008 ikaanzishwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura.

Kwa maandishi, basi, hakuna upungufu. Upungufu huonekana usiku, pale mjumbe wa kamati anapomkuta jirani yake anaburuta kokoro au anavua kwa chandarua cha mbu. Mjumbe huyo hana mshahara. Mafuta ya boti ya doria hayapatikani kila siku. Na anayemkuta si mgeni: huenda ni mtoto wa shangazi yake, au ni mtu aliyemkopesha mchele mwezi uliopita. Akimkamata, kesho watakutana msikitini au sokoni. Akimwachia, keshokutwa mwalo mzima utasema kwamba sheria ni ya wasio na jamaa.

Hapana njia rahisi ya kutoka katika mtihani huo. Lakini njia inayofaa zaidi ni ile ambayo kikundi kinajihukumu chenyewe kabla ya kuwahukumu wengine. Nyavu haramu za wajumbe zikitolewa mwanzo, mbele ya watu wote, wengine hukosa hoja. Pili, mapato na faini ziandikwe katika daftari na kusomwa hadharani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, mashauri magumu yasiachiwe mjumbe mmoja. Yakatwe na kikao kizima, ili lawama iwe ya wengi na isimwangukie mtu peke yake.

KUPUMZISHA ZIWA

Katika mwaka 2021 nchi nne za ziwa zilikubaliana juu ya hatua za pamoja za kunusuru samaki, ikiwemo kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu katika mwaka. Kwa upande wa Tanzania, ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024.

Sababu zilikuwa nzito. Wavuvi na vyombo vimeongezeka, na dagaa, ambaye maisha yake ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, hahimili kuvuliwa akiwa bado hajazaa. Tena si uvuvi peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza kuwa maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Chakula cha asili kinachoanzia uhai wote wa ziwani kikakadiriwa kuwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi. Joto hilo halikuanzia Kigoma. Limetoka katika mioshi ya viwanda vya dunia, na anayelilipia ni mvuvi mwenye karabai. Asiyeweza kuzuia joto hana budi kupunguza pale anapoweza, nako ni kwenye wavu wake.

Lakini tusiseme kana kwamba miezi mitatu ni kitu chepesi. Wavuvi wa dagaa wamezoea kupumzika usiku wa mbalamwezi, kama walivyo wavuvi wa dagaa wa hapa kwetu, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi. Hayo ni mapumziko ya siku chache, na kila nyumba hujua namna ya kuyavuka. Miezi mitatu ni jambo jingine. Humo mna ada ya skuli, mna kodi ya nyumba, mna mgonjwa. Na anayeumia si mvuvi pekee. Yupo mama anayenunua dagaa alfajiri, akawaanika juu ya chanja au mchangani, akawauza kwa mfanyabiashara wa treni. Yupo mchukuzi, yupo fundi wa mitumbwi, yupo muuza chai wa mwaloni. Mama huyu hana chombo wala wavu, na katika orodha za wavuvi jina lake ni rahisi kusahauliwa.

Kwa hiyo kamati ya mwalo ina kazi mbili wakati wa kufunga. Ya kwanza ni kulinda maji yasiingiliwe. Ya pili, ambayo haionekani kwenye ripoti, ni kuwajua kwa majina watu wote ambao riziki yao imefungwa pamoja na maji, na kuyafikisha majina hayo kwa wenye madaraka mapema, kabla ya siku ya kufunga, ili msaada, mikopo au kazi mbadala iwafikie wanaostahili. Kamati inayofanya ya kwanza tu itaonekana kuwa askari. Ikifanya zote mbili itakuwa kamati ya watu.

MAJI YALIYORUDI

Nimeacha kwa makusudi jambo moja mpaka sasa, nalo ni kupanda kwa maji.

Wageni wanaofika Ujiji huoneshwa mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871. Pana mnara na pana miembe. Mgeni hustaajabu akiona mnara uko mbali na maji, hali vitabu vinasimulia kwamba soko na makaazi ya Ujiji yalikuwa karibu na ziwa. Sababu ni kuwa katika miaka ile ya 1870 maji yalikuwa juu sana. Mto Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Ziwa likajaa mpaka kizuizi kile kikavunjika, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kwa mita kadhaa. Nchi kavu ikazaliwa mbele ya Ujiji. Watu wakalima, wakajenga, wakazaa, wakasahau.

Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, baada ya mvua nyingi, ziwa lilipanda kwa kiwango ambacho vijana wengi hawakuwahi kukiona. Nyumba, mialo na masoko ya kandokando yaliingiliwa na maji katika mwambao wa Kigoma, na kule Bujumbura mitaa mizima iligharikishwa. Watu waliojenga pale hawakuwa wajinga. Walijenga mahali palipokuwa pakavu tangu enzi za babu zao. Ila ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko ya mwanadamu.

Hapo ndipo zile mita 60 za sheria zinapoeleweka kwa maana nyingine. Mara nyingi wananchi huziona kuwa ni hila ya Serikali ya kuwanyang'anya viwanja vyenye upepo mzuri. Nasi watumishi, lazima tukiri, hatukuzieleza vizuri. Tulizitangaza kama adhabu, nazo ni ulinzi wa mwenye nyumba mwenyewe, pamoja na matete yanayovunja nguvu ya mawimbi na ndege wanaotaga humo. Ukanda ule ukiachwa wazi, maji yanapokuja yanakuta nyasi. Ukijengwa, yanakuta vitanda vya watoto.

Na pale ambapo watu wamekwisha kujenga kwa muda mrefu, haifai kuwahamisha kwa tangazo la siku saba. Wakae na kamati yao, ipimwe mipaka wakiwepo, ajulikane nani alikuwepo kabla ya sheria na nani amejenga baada yake, na kila mmoja asikilizwe.

TUFANYE NINI SISI

Bwana Mwenyekiti, nimekaribia kumaliza. Ningependa kuwaachia masheha na wajumbe wa kamati mambo manne.

Kwanza, kamati za shehia zitazame ardhi oevu kwa ujumla wake, tangu jabali na shamba mpaka mkoko na mwamba. Kamati ya uvuvi na kamati ya mazingira zikae pamoja walau kila baada ya miezi mitatu. Tunao mfano mzuri katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambamo msitu, mikoko na viumbe wake wamewekwa chini ya ulinzi mmoja, na vijiji jirani vina sauti yao.

Pili, pale tunapofunga sehemu ya bahari kwa muda, kama baadhi ya vijiji vya Pemba na Unguja vinavyofanya kwa pweza, waorodheshwe mwanzo wale wote watakaokosa riziki, wakiwemo akina mama wa kupwa. Ufunguzi nao usiwe wa pupa, wenye nguvu wakazoa kwa siku moja kilichotunzwa kwa miezi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Tatu, kila kamati iwe na daftari moja la mali na daftari moja la mambo yanayoonekana: mikoko imekatwa wapi, maji ya chumvi yamefika bonde gani la mpunga, ndege gani hawajaonekana msimu huu. Mtaalamu akija baada ya miaka kumi atapata pa kuanzia. Ziwa Tanganyika lingekuwa na madaftari ya namna hiyo katika kila mwalo tangu zamani, kupanda na kushuka kwa maji kusingewashtua watu.

Nne, na hili ni letu sisi watumishi wa Serikali: tusitoe tangazo la katazo bila ya kueleza sababu yake na bila ya kutaja mbadala wake. Kama mbadala haupo, tuseme haupo, na tuutafute pamoja na wananchi.

Nitamalizia na jambo la utotoni. Maalim wetu wa chuo alitufundisha kutia udhu kwa maji ya kibuyu kimoja. Mwenzetu mmoja akauliza, je, tukiwa ukingoni mwa mto? Maalim akasema hata ukingoni mwa mto, kipimo ni kile kile. Tukacheka, kwa sababu tuliona mto hauwezi kupungukiwa kwa ajili ya mikono yetu. Nilipokuwa Ujiji, karibu na magharibi, niliteremka ziwani na wazee wa pale kutia udhu kabla ya sala. Mbele yetu maji hayana mwisho. Mzee aliyekuwa pembeni yangu alichota mara chache tu, akatosheka, akasimama. Nikamkumbuka maalim wangu, Mungu amrehemu, na nikafahamu kwamba somo lile halikuhusu uhaba hata siku moja. Wingi wa kitu si ruhusa ya kukifuja. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili tumepewa tulitumie kisha tulikabidhi.

Mwenyezi Mungu atupe uwezo wa kuitunza amana hii, huku kwetu na kule kwa ndugu zetu wa mwambao wa ziwa.



(Masheha na wajumbe wa kamati wanaohitaji nakala za mazungumzo haya kwa ajili ya kuyasoma katika vikao vya shehia wanaarifiwa wafike Kitengo cha Habari cha Wizara wakati wa saa za kazi. Nakala hutolewa bila ya malipo.)